Siku Aliyokufa Golikipa

Februari 1998, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika nzima kumwombolezea Pierre Ndaye Mulamba. Ilikuwa imesemwa kwamba amekufa Angola katika ajali ya mgodi wa almasi. Waliosimama walikuwa na haki ya kuhuzunika. Huyu ndiye aliyefunga mabao 9 katika mashindano hayohayo mwaka 1974 kule Misri, na mpaka leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo katika fainali za mwaka mmoja. Mechi ya mwisho dhidi ya Zambia ilichezwa mara mbili, 2-2 kisha 2-0, na mabao yote manne ya Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo, yalikuwa yake. Lakini Ndaye hakuwa amekufa. Alikuwa Afrika Kusini, mkimbizi, mguu wake umeumizwa kwa risasi za majambazi tangu 1994, akiishi kwa vibarua. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, karibu miaka 21 baada ya kuombolezwa.

Nimemtaja kwanza Ndaye, mzaliwa wa Kananga aliyeichezea AS Vita Club ya Kinshasa, kwa sababu kosa lililompata linaonyesha ugumu wa kazi ninayotaka kuisifu. Kazi yenyewe ni kutafuta na kuthibitisha siku aliyokufa mchezaji wa zamani ambaye kifo chake hakikuandikwa popote. Hapa Lubumbashi inafanywa na mashabiki, wengi wao wazee wa komini za Kamalondo, Kenya na Katuba. Hawalipwi na hawana ofisi. Wana daftari, simu, picha za timu zilizopauka, na uvumilivu ambao nimeuona kwa watu wachache wa fani nyingine yoyote. Mtu anaweza kuhangaika miaka kwa ajili ya vitu viwili, siku na mwezi. Akivipata anaviandika, na kesho yake anaanza jina lingine.

Ili uelewe kwa nini wanajisumbua hivyo, lazima ujue mji huu ulikuwa nini katika soka la Afrika. Mwaka 1939 mapadri Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface, wakati huo mji ukiitwa Élisabethville, waliwaundia vijana wao timu wakaiita Saint-Georges. Timu ilibadili majina mpaka ikachukua la kampuni ya matairi iliyoifadhili, Englebert, na mwaka 1966, ilipomaliza ubingwa bila kufungwa, ikajiongezea Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Leo ni TP Mazembe. Mwaka 1967 Englebert ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2, ikapewa Kombe la Klabu Bingwa Afrika baada ya Kotoko kutotokea kwenye mechi ya marudio. Mwaka 1968 ikaifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0, ikapoteza mechi ya pili 4-1, na kombe likabaki Katanga. Mwaka 1969 na 1970 ilifika tena fainali, ikashindwa na Ismaily ya Misri, kisha na Kotoko hiyohiyo. Fainali nne mfululizo! Vijana wa leo wanazijua zaidi za 2009, 2010 na 2015, na ile safari ya Abu Dhabi ya Desemba 2010, Mazembe ilipocheza na Inter fainali ya dunia ya klabu. Lakini waliojenga nyumba hii ni wale wa 1967 na 1968, na hao ndio waliozikwa bila kuandikwa.

Chukua mmoja wao, golikipa Robert Kazadi Mwamba. Januari 1968 huko Ethiopia, Congo ilipotwaa Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza kwa bao la Pierre Kalala dhidi ya Ghana, Kazadi ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka 1974 akalitwaa tena kombe hilo na Zaire. Miezi mitatu baadaye alikuwa Ujerumani Magharibi katika Kombe la Dunia, akiwa golikipa wa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Dunia inamkumbuka kwa jambo moja: tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilikuwa imefunga mabao matatu katika dakika ishirini za mwanzo, kocha Blagoje Vidinić akamtoa, akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Mechi iliisha 9-0. Sasa fungua orodha za kimataifa za wachezaji. Nyingi zitakupa siku aliyozaliwa Kazadi, 6 Machi 1947. Mbele yake, mahali pa kifo, utakuta tarakimu nne: 1996. Siku hakuna, mwezi hakuna.

Mwenzake wa timu, Kalala, alifariki mwishoni mwa Juni 2015, na habari ilizunguka siku ileile. Beki wao, Mwepu Ilunga, yule aliyechomoka ukutani akaupiga mpira wa Brazil kabla Wabrazil hawajaupiga, alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, na magazeti ya London na ya Rio yakaandika. Tofauti ya miaka 19 kati ya vifo hivyo ndiyo tofauti ya mtu kuandikwa na kutoandikwa. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia kati yao, na intaneti, na nchi iliyokuwa imetulia kidogo.

Maana fikiri mwaka 1996 ulikuwaje. Mji ulikuwa umeporwa mwaka 1991, wanajeshi wakivunja maduka na raia wakifuata nyuma. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na wengi walilala wiki nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Katika nyumba zilizoachwa zilibaki picha, vyeti, barua, medali. Majina mengi ya Englebert ile kubwa ni majina ya Kasai. Kwa hiyo mtafutaji wa leo anapokosa karatasi za familia fulani, mara nyingi jibu liko hapo: karatasi zilipotea ndani ya wiki moja, pamoja na vyombo na nyumba. Mwishoni mwa 1996 vita vilianza mashariki. Tarehe 9 Aprili 1997 askari waasi wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Lubumbashi. Katika miezi kama hiyo mtu hufa, hulia waliokuwa karibu, akazikwa, na karani wa komini hana hata karatasi ya kuandikia.

Marekani kazi hii ina chama chake. Tarehe 10 Agosti 1971 watu 16 walikutana katika kijiji cha Cooperstown, jimbo la New York, wakaunda chama cha utafiti wa besiboli kiitwacho SABR. Kamati yake ya wasifu imejiwekea lengo ambalo kwa mtu wa nje linaweza kuonekana kama wazimu: kujua kila aliyewahi kucheza ligi kuu alizaliwa wapi na lini, akafa wapi na lini. Nasema kila mtu, pamoja na yule aliyeingia uwanjani alasiri moja katika karne ya 19 na hakuonekana tena. Kabla yao alikuwapo Lee Allen, mwanahistoria wa jumba la kumbukumbu la besiboli hapohapo Cooperstown, aliyeandika barua na kufunga safari mji kwa mji akitafuta jamaa za wachezaji waliosahaulika, mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1969. Kuna wenzao wa michezo mingine. Wapo wanaofuatilia wanamichezo wote wa Olimpiki, na katika daftari lao wamo waendesha baiskeli watano waliokwenda Mexico mwaka 1968, timu ya kwanza ya Congo kushiriki Olimpiki. Na tangu 1994 upo mtandao wa watu wa takwimu za soka, RSSSF, wanaokusanya matokeo ya ligi za nchi zote kwa kujitolea.

Nawaheshimu sana watu hao. Lakini tazama wanavyofanya kazi. Mmarekani anayemtafuta mchezaji wa 1910 ana sensa ya kila miaka kumi, yenye jina la kila mtu na nyumba yake. Ana kadi za walioandikishwa jeshini mwaka 1917 na 1918. Ana orodha ya serikali ya waliokufa, na magazeti ya vijijini yaliyoandika tanzia ya kila muuza maziwa. Congo ilifanya sensa yake kamili ya mwisho mwaka 1984. Mtafutaji wa Lubumbashi anafanya kazi ileile, kwa kiwango kilekile cha ukweli, bila hata chombo kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo amelazimika kubuni vyake, na vyombo hivyo ndivyo vinavyonifanya nimvulie kofia.

Kizuizi cha kwanza ni jina. Mchezaji wa Englebert wa 1967 aliandikwa Robert, Pierre au Joseph, maana alibatizwa. Mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba, Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi. Karatasi za Ulaya zikageuza mpangilio: huyu Mwepu Ilunga, kule Ilunga Mwepu, kama watu wawili. Katika mji ambao Ilunga na Kazadi wamo karibu kila barabara, anayetafuta cheti cha kifo cha Ilunga wa mwaka fulani atapata vyeti kumi vya watu wengine. Mahali nako kumebadilika jina: Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Jadotville ikawa Likasi, Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudi Katanga 1997, ikagawanywa 2015 na sisi tukawa Haut-Katanga. Mtafutaji mwenye ujuzi hufungua ukurasa mmoja kwa kila mchezaji na kuandika juu yake majina yote ambayo mtu huyo amewahi kuitwa, pamoja na lile la utani la uwanjani, kabla hajauliza swali lolote. Mara nyingi la utani ndilo linalofungua mlango. Mjane anaweza asijue kwamba mumewe aliandikwa vipi kwenye orodha ya Ujerumani, lakini jina lililoimbwa na mashabiki analijua.

Kizuizi cha pili ni kwamba watu hawakumbuki tarehe. Hili halina aibu, mimi mwenyewe tarehe za vifo vya wajomba zangu sizijui zote. Watu wanakumbuka mambo, na tarehe inachimbwa kutoka ndani ya mambo hayo. Hapa ndipo ustadi unapoonekana.

Swali ninalolipenda kuliko yote linahusu jeneza. Mzee wa Kamalondo hamuulizi binti wa marehemu, "Baba alikufa mwaka gani?" Anamuuliza jeneza lilinunuliwa kwa pesa gani. Watu husahau mwaka lakini hawasahau siku waliyotembea mtaani kuomba michango, wala noti walizozihesabu mezani. Kama jeneza lililipwa kwa zaire za zamani, zile za milioni na milioni, mazishi yalikuwa kabla ya Oktoba 1993, maana mwezi huo ilitoka zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Kama ni zaire mpya, tuko kati ya 1993 na katikati ya 1998. Kama ni franka, ni baada ya hapo. Kwa swali moja la upole, miaka thelathini imepungua kuwa mitano. Lakini mtafutaji mzuri anajua pia pale ambapo swali lake linadanganya. Kasai iliikataa zaire mpya, ikaendelea na noti za zamani mpaka franka ilipokuja. Mchezaji aliyefukuzwa Shaba mwaka 1993 akafa Mbuji-Mayi mwaka 1996 alizikwa kwa jeneza la zaire za zamani. Asiyelijua hilo atamwandika marehemu miaka mitatu kabla ya wakati wake, na atakuwa na uhakika kabisa. Kwa hiyo swali la pesa hutanguliwa na lingine: alikufa mji gani?

Baada ya pesa yanakuja matukio. Je, ilikuwa kabla ya askari wa Kabila kuingia, au baada? Kabla ya vita vya Kolwezi vya 1978? Wakati Papa Yohane Paulo II alipofika Lubumbashi, Agosti 1985, alikuwa bado hai? Na hapa mashabiki wana silaha ambayo wanahistoria wa chuo hawana, yaani orodha za mechi. Mji huu una timu mbili kubwa zilizozaliwa mwaka mmoja, 1939: Mazembe, na Saint-Éloi Lupopo ya watu wa reli. Siku ya Mazembe na Lupopo kila mtu anajua alikuwa wapi. Akikuambia mpwa wa marehemu kwamba mwili ulitolewa hospitali Jumamosi, na kesho yake, wafiwa wakiwa bado kwenye kilio, Lupopo ikaifunga Mazembe, mwenye orodha ya mechi tayari ana Jumapili mbili au tatu za kuchagua. Ndiyo maana wazee hawa wanatunza matokeo ya ligi ya mji ya miaka ya themanini kwa bidii ambayo asiyejua ataiona ya bure. Kwao matokeo hayo ni kalenda.

Kuna dalili dhaifu pia, nazo hutumika kwa tahadhari. Mtoto aliyepewa jina la babu aliyefariki huwa na cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, na cheti kina tarehe. Lakini kwetu mtoto hupewa jina la babu hata babu akiwa hai na akimpakata, kwa hiyo dalili hiyo huandikwa kwa penseli. Misa ya kumbukumbu ina nguvu zaidi. Familia Katoliki iliyoomba misa kila mwaka kwa ajili ya marehemu huiomba karibu na siku aliyofariki, na mama mzee ambaye hawezi kutaja tarehe anaweza kukuambia kwamba misa yake huwa wiki moja kabla ya Watakatifu Wote. Parokia zina kitabu cha ubatizo na kitabu cha wafu. Ndani ya kitabu cha ubatizo ndoa ya mtu huandikwa pembeni ya jina lake, na ndoa inampa mtafutaji jina la mke. Wengi wa wachezaji wale walipita mikononi mwa Wabenediktini, kwa hiyo njia hii imefaa zaidi ya mara moja pale ambapo komini haikuwa na kitu.

Makampuni nayo yaliandika. Mchezaji wa zamani alihitaji kula, na wengi waliajiriwa na kampuni ya migodi ya Gécamines au na shirika la reli. Mfanyakazi alikuwa na namba yake na faili lake, na siku ya kufa kwake ilibidi mtu aje kudai haki za mjane. Anayejua namba ya marehemu amepiga nusu ya safari. Gazeti la mji, Mjumbe, lilichapisha habari za michezo na matangazo, na toleo moja lililohifadhiwa na familia kwa ajili ya picha ya harusi linaweza kuwa na tangazo la kifo upande wa pili.

Lakini karatasi isiheshimiwe kupita kiasi. Rudi kwenye mechi ile ya Gelsenkirchen. Dakika ya 22, wachezaji wa Zaire wakimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Colombia kulalamikia bao la nne, mwamuzi alipigwa teke kwa nyuma, akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Aliyempiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, na Mwepu mwenyewe alilikubali hilo baadaye. Ripoti rasmi ya Kombe la Dunia, karatasi kubwa kuliko zote katika mchezo huu, inasema ni Ndaye, na itaendelea kusema hivyo. Mtu mmoja, basi, aliandikiwa teke ambalo hakupiga, kisha kifo ambacho hakufa. Wazee wa daftari humtaja Ndaye mara kwa mara kwa sababu hiyo. Kwao ni onyo la pande mbili, dhidi ya karatasi na dhidi ya uvumi.

Ndiyo maana wenye ustadi kati yao wanafuata kanuni ngumu ya mashahidi wawili ambao hawakusikia habari kwa mtu mmoja. Inasikika rahisi. Jaribu uone. Mtoto wa marehemu na jirani wanakubaliana kwamba ilikuwa Machi, lakini jirani aliambiwa na mtoto. Shabiki wa Likasi na shabiki wa Lubumbashi wanakubaliana, lakini wote walisikia tangazo lilelile. Uvumi wa Angola uliomuua Ndaye ulisemwa na watu wengi sana, na wote walikuwa shahidi mmoja. Mtafutaji huwauliza watu swali ambalo polisi wengi hawaulizi: wewe uliambiwa na nani? Kisha anakwenda kwa huyo, na kwa aliyemwambia huyo, mpaka anamfikia mtu aliyeliona jeneza likishuka. Akishindwa kumfikia, anaacha nafasi wazi. Nimeona ukurasa wenye mwaka umeandikwa, mwezi umeandikwa, na mahali pa siku pana mstari mtupu, ingawa mwenye daftari alikuwa na siku aliyoiamini moyoni. Aliniambia ana shahidi mmoja tu. Heshima yangu kwa kazi hii ilikua pale.

Na kuna adabu. Huwezi kuingia kwenye nyumba ya mfiwa na kalamu mkononi, hata kama kifo kina miaka ishirini. Unafika, unaketi, unapokea maji. Unamwita mjane mama, hata kama umri wenu unalingana, na unamwambia pole kwa msiba ambao yeye anadhani dunia nzima imeshausahau. Unataja mechi. Unamwambia baba alivyodaka ule mpira. Mara nyingi hapo mama hunyanyuka mwenyewe kwenda kutoa bahasha chini ya godoro. Wapo wanaokataa, na wana haki. Wachezaji wa 1974 walirudi nyumbani kwa aibu, wakakatazwa kwenda kucheza Ulaya, na wengi walizeeka katika umaskini huku wanasiasa wakipiga nao picha. Familia iliyoona hayo ikimtazama mgeni kwa mashaka, mgeni aliyefundwa huaga kwa heshima na kurudi mwaka unaofuata, au harudi kabisa. Tarehe haina thamani ya kumliza mtu mara ya pili.

Kazi hii haikuanza na soka, na Lubumbashi ina mizizi yake. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, akakusanya habari za watu ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwaandika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimewatoa watafiti kama Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyechunguza magonjwa na vifo vya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi ukawaalika wakazi wenyewe kusimulia mji wao. Tunaye pia mtu ambaye kifo chake kingali kinatafutwa: mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire katika picha zipatazo mia moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, akamsimulia kila picha mwanaanthropolojia Johannes Fabian, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea. Picha zake ziko katika majumba ya sanaa ya Ulaya, na katika maelezo yake mwaka wa kufa huachwa wazi. Mashabiki wa Mazembe na wapenzi wa Tshibumba hawafahamiani, lakini wanasukumwa na jambo moja: hawakubali kwamba mtu aliyewapa watu wengi furaha aondoke bila hata mstari mmoja.

Nimewahi kuulizwa kazi hii inamfaidia nani. Inawafaidia wajane, kwanza, maana klabu au serikali ikitaka kuwaenzi wachezaji wa zamani haina orodha, na asiye na orodha hugawa kwa waliopiga kelele. Inawafaidia watoto wa marehemu, ambao wengi wanajua baba alicheza lakini hawajui alishinda nini. Na inaufaidia mchezo wenyewe. Klabu yenye uwanja wake Kamalondo, uliofunguliwa 2011 kwa nyasi za bandia na fahari kubwa, inastahili kujua kila mmoja wa waliocheza bila viatu vizuri mwaka 1967 amelala wapi.

Basi, msomaji, kama uko Kamalondo au Katuba, Likasi au Kolwezi, Mbuji-Mayi au Kananga, au hata Brussels na Johannesburg, na nyumbani kwenu kuna picha ya timu ya Englebert, igeuze leo hii na kuandika nyuma majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwaka. Kama ulikuwa kwenye kilio cha mmoja wao, andika siku, mwezi na makaburi aliyozikwa, andika pia ni nani mwingine aliyekuwapo, kisha mtafute mmoja wa wazee wa daftari umpe. Na kama ulisimama kaburini pa Robert Kazadi mwaka 1996, anza na yeye.